Tai si kuku: tunayoyaamini vibaya kuhusu kuokoa ndege wawindaji Uganda

Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wapo wengi kati yao wanaoishi kwa kuwinda au kwa kula mizoga: furukombe wa Ziwa Victoria, mwewe wanaozunguka juu ya masoko ya Kampala, bundi wa darini, kozi wa misituni, tumbusi wa hifadhi za Kidepo na Queen Elizabeth. Wakiumia, anayewaokota huwa ni mtu wa kawaida asiye na nia mbaya: mwendesha boda boda, mvuvi wa mwaloni, mtoto anayetoka shule. Yanayofanyika saa chache baada ya hapo ndiyo huamua kama ndege ataishi. Nimesikia visa vya kutosha kuamini kwamba huruma isiyo na maarifa inawamaliza ndege hawa sawasawa na jiwe la manati. Naanza na imani inayowazuia watu hata kunyoosha mkono.

“Bundi akilia juu ya nyumba, kuna mtu atakufa”

Imani hii imeenea kote Afrika Mashariki, na kwa sababu yake bundi aliyeanguka uani hupigwa mawe kabla mtu hajauliza ameumia wapi. Bundi huja nyumbani kwa sababu nyumbani kuna panya. Palipo na ghala la mahindi, jalala na dari iliyo wazi, pana chakula chake. Yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo ana sikio moja lililo juu kidogo kuliko jingine. Sauti ya panya huyafikia masikio hayo kwa tofauti ndogo mno, na tofauti hiyo inamtosha kumnasa panya gizani bila kumwona.

Na kilio chake? Nyumba yenye mgonjwa mahututi hukesha. Bundi alilia wiki iliyopita pia, na mwezi uliopita, ila watu walikuwa wamelala.

Wengine husema bundi ni kipofu mchana, hivyo akionekana jua likiwaka ametumwa. Anaona mchana vizuri tu. Bundi aliye chini mchana kweupe huenda ni kinda, au amegongwa na gari, au amekula panya aliyekula sumu. Hili la sumu linanisikitisha sana. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Panya hachukui saa moja kufa, huchukua siku kadhaa, akitembea ovyo na kunaswa kirahisi, na bundi aliyemla huvuja damu ndani kwa ndani. Akifikishwa mapema kwa daktari wa wanyama, vitamini K inaweza kumwokoa.

“Kinda akiguswa na mtu, mama yake humkataa”

Ndege hamtambui mwanawe kwa harufu ya mikono yetu. Kinda aliyeanguka, ikiwa hana jeraha na kiota kinafikika, mrudishe. Kisipofikika, funga kikapu kwenye tawi la mti ule ule, mweke humo, kisha nenda mbali kabisa, maana kinachomzuia mzazi kurudi ni wewe kusimama pale ukichungulia. Makinda wa bundi hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka, wakapanda matawi kwa kucha na mdomo, na wazazi huendelea kuwaletea chakula jioni hadi jioni. Wengi wanaoletwa kama yatima hawakuwa yatima hata kidogo. Mchukue tu kama ana jeraha, amepoa mwili, ana mayai ya nzi, au una hakika wazazi wamekufa.

“Ana njaa, mpe maziwa na mkate”

Hapa ndipo wema unapoleta madhara makubwa. Tumbo la ndege halijaumbwa kumeng'enya sukari ya maziwa, na mkate hauna faida yoyote kwa tai. Wanaojua kwamba tai ni mla nyama humkatia nyama laini ya ng'ombe isiyo na mfupa. Kwa siku moja mbili ataishi, lakini nyama tupu ina kalsiamu kidogo mno. Porini hula windo zima: mifupa, ngozi, maini, manyoya. Mifupa humpa kalsiamu, na manyoya yasiyomeng'enyeka hujikusanya tumboni kuwa donge analolitapika baadaye. Kinda aliyelelewa kwa nyama tupu mifupa yake hulegea, hupinda, na inaweza kuvunjika akiwa amesimama tu. Inauma zaidi kwa kuwa aliyemfikisha hapo ni mtu aliyetoa fedha zake kununua nyama kila siku. Panya mzima au kifaranga mzima aliyekufa bila sumu ni bora kuliko kilo ya nyama safi.

Ndege aliyekaa siku nyingi bila kula naye asishindiliwe chakula. Mwili uliokauka hauwezi kukimeng'enya. Kitaoza tumboni, au madini ya damu yatabadilika ghafla na moyo kushindwa. Wataalamu humrudishia maji ya mwili kwanza, kwa mrija au sindano, ndipo huja chakula kidogo kidogo. Wala usimtilie maji mdomoni. Tundu la hewa la ndege liko nyuma tu ya ulimi, na maji yanayomwagwa kwa nguvu huishia mapafuni. Ndege wawindaji hupata maji yao mengi kutoka kwenye windo, kwa hiyo safari ya saa chache bila kunywa haitamuua.

Ukimwokota, basi, usimpe kitu. Mpe giza, utulivu na usafiri.

“Ametulia, ameshanizoea”

Ndege wa porini anayekaa kimya mkononi mwako amejawa na hofu. Kwake mtu ni mnyama mkubwa aliyemkamata, na kutotikisika ni njia yake ya mwisho ya kujinusuru. Moyo unaenda mbio hata kama macho yamekutazama tuli. Kila anayefunua boksi ili jirani apige picha kwa simu anamwongezea mshtuko, na mshtuko peke yake unaweza kuua.

Jihadhari na miguu yake kuliko mdomo. Furukombe ana kucha na nyayo zenye magamba makali ya kushika samaki anayeteleza. Akishika kiganja chako hataachia kwa kuombwa. Mfunike mwili mzima pamoja na kichwa kwa taulo, khanga nzito au koti, dhibiti miguu kwanza, kisha mweke ndani ya boksi la katoni lenye matundu, chini pakiwa na kitambaa asiteleze. Usimtie kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, hata kama limetobolewa, wala kwenye gunia la mkaa. Banda la kuku lenye waya pia halifai: manyoya ya kurukia hukatika kwenye waya, na unyoya uliokatika hauoti upya mpaka wakati wake wa kung'oka ufike, jambo linaloweza kuchukua mwaka au zaidi. Upo ufundi wa kale wa kupandikiza unyoya wa ndege mwingine kwenye kisiki cha ule uliokatika, na unafanya kazi vizuri, ila ni bora manyoya yasikatwe kwa uzembe.

“Akiruka, amepona”

Mifupa ya ndege huunga haraka. Mvunjiko usio mgumu unaweza kushika ndani ya wiki tatu hivi. Siku anaporuka kutoka mezani hadi dirishani, aliyemtunza hutaka kumwachia huru mbele ya majirani. Lakini kuruka chumbani kuko mbali na kuwinda. Kipanga huishi kwa kugeuka hewani akiwa kasi. Bawa lililounga likiwa limepinda kidogo, au kiungo kilichokakamaa, litamkosesha windo. Anayekosa windo hudhoofika, na aliyedhoofika hukosa zaidi. Hatakufa mbele yako. Atakufa kichakani mahali usipopajua, nawe utabaki ukisimulia kwamba ulimwokoa.

Kwa hiyo watunzaji wazoefu humrusha kwa kamba ndefu nyepesi uwanjani, siku baada ya siku, mpaka pumzi zirudi. Humpima uzito, hupapasa misuli ya pande zote mbili za mfupa wa kidari, huangalia kama anatua sawasawa. Hukagua nyayo pia, kwa sababu ndege aliyesimama muda mrefu juu ya kijiti kimoja kigumu hupata vidonda vya nyayo vinavyoweza kuzama hadi mfupani, na tai mwenye nyayo mbovu hawindi. Majirani zetu Kenya wana kituo karibu na Ziwa Naivasha, chini ya Kenya Bird of Prey Trust, ambako kazi yote ni hii: kuwatibu ndege wawindaji na kuwarudisha porini. Natamani siku moja Uganda nasi tuwe na kituo cha aina hiyo katika kila kanda.

“Mwewe ni mwizi wa vifaranga, bora afe”

Ni kweli mwewe hunyakua vifaranga, na aliyepoteza kumi hawezi kufarijiwa kwa maneno. Banda lenye paa la wavu humaliza tatizo. Lakini hasira hiyo huangukia ndege wasiohusika. Yule tai mweusi mwenye ushungi mrefu, anayekaa juu ya nguzo za umeme kando ya barabara zetu, chakula chake kikubwa ni panya.

“Tumbusi ni mchafu, kumtibu ni kupoteza dawa”

Ningependa watu wabadili mawazo hapa kuliko mahali pengine popote. Asidi ya tumbo la tumbusi ni kali kiasi cha kuua vijidudu vingi ambavyo vingemlaza mbwa au mtu. Anapomaliza mzoga, nzi, mbwa wazururao na uvundo hukosa pa kuanzia. Wala hatabiri kifo: hupata mzoga kwa macho, akitazama kutoka juu na kuwafuata wenzake wanaoshuka.

India ilijifunza kwa gharama. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wa aina tatu walipukutika kwa zaidi ya asilimia 95, na chanzo kikagunduliwa kuwa diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ambayo huua figo za tumbusi anayekula mzoga. Mbwa wa mitaani waliongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikaongezeka nao. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zikaizuia dawa hiyo kwa mifugo.

Kwetu adui mkubwa ni sumu inayowekwa kwenye mzoga ili kuua simba au fisi. Machi 2021, huko Ishasha ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, simba sita walikutwa wamekufa, na kando yao tumbusi wanane. Ndege hawa hutaga yai moja tu kila wanapozaa na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo pengo la siku moja halizibiki upesi. Hata yule tumbusi mdogo wa kahawia anayeonekana kuzagaa machinjioni Kampala alitangazwa mwaka 2015 kuwa hatarini mno kutoweka duniani.

Tumbusi mwenye sumu hutibika akiwahiwa. Gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni, likijaa nyama yenye sumu huoshwa, na kwa sumu za jamii ya kabofurani, dawa ya kuua wadudu, hutumika dawa iitwayo atropini. Anayemwokota avae glavu, kwani sumu iko kwenye matapishi na manyoya, na tumbusi hutapika anapoogopa. Mzoga wenyewe usiachwe. Watu wa hifadhi waitwe waje kuuteketeza.

“Nimemwokoa mwenyewe, basi ni wangu”

“Afande, si nimemlisha kwa fedha zangu?” Ndiyo, na ushukuriwe. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaweka wanyamapori chini ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kuwafuga bila kibali ni kosa. Kwa aina zilizo hatarini kutoweka, kuua au kufanya biashara haramu kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Toa taarifa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Usipojua ofisi yao, pitia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au polisi. Kituo cha wanyamapori cha Entebbe, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, hupokea walioumia na walionyang'anywa wafugaji haramu.

Jambo moja ni nje ya kanuni hizi zote. Ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, usimguse hata mmoja. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege iliua ndege wa majini katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, na mwindaji anayekula ndege mgonjwa huugua pia. Toa taarifa na nawa mikono.

“Kila ndege lazima arudi porini, kwa gharama yoyote”

Wapo wasioweza kurudi. Mwenye mvunjiko uliopasua kiungo, au aliyekatika bawa kwa umeme, mara nyingine hustahili kufa kwa sindano ya daktari kuliko kuishi miaka ya maumivu ndani ya kizimba. Najua wengi hawapendi kulisikia hili, na mimi pia silisemi kwa wepesi. Yupo pia kinda aliyelelewa mikononi tangu kufumbua macho: huamini mtu ndiye jamaa yake, haogopi watoto, hudai chakula kwa kuwarukia usoni. Huyo akiachiwa ataumiza mtu au atauawa. Ndiyo maana vituo vizuri huwalisha makinda kwa kikaragosi chenye sura ya ndege, mlishaji akiwa amejificha, au huwakabidhi kwa mkubwa wa aina yao. Mkubwa huyo mara nyingi ni ndege asiyeweza tena kuruka, na makinda wanaolelewa naye hukua wakijua wao ni tai.