Jumbe kumi, chanzo kimoja: kupima taarifa za usalama

Ujumbe kwamba watu wenye silaha wameonekana karibu na Eringeti, mashariki mwa Kongo, ukitoka Beni asubuhi, mchana Goma tayari tunao kwa WhatsApp. Wengi huuamini kwa sababu umewafikia kutoka kwa watu wanne. Mchambuzi hahesabu jumbe. Anarudi nyuma, mtu kwa mtu, mpaka ajue ni nani aliyeona kwa macho yake. Mara nyingi shefu wa kijiji, motari (dereva wa pikipiki), redio na mtu wa sosiete sivile (mashirika ya kiraia) wote wameupata kwa mama mmoja aliyekuwa shambani. Basi chanzo ni kimoja.

Kipimo kinachotumika sana kilianzia kwa wapelelezi wa jeshi la majini la Uingereza. Herufi A mpaka E hupima mtoa habari: A anaaminika kabisa, E haaminiki. Namba 1 mpaka 5 hupima habari yenyewe: 1 imethibitishwa na vyanzo vingine vinavyojitegemea, 5 haielekei kuwa kweli. F na 6 si alama za chini kabisa, na hapo wengi hukosea. Maana yake ni kwamba bado hakuna msingi wa kupima. Yule mama, kama ndiyo mara yake ya kwanza kutoa habari, ni F, hata akiwa mkweli kuliko wote.

Herufi isiivute namba. Novemba 1997 Mmisri mmoja aliingia ubalozi wa Marekani Nairobi akaeleza mpango wa kuulipua kwa lori. CIA ilipeleka habari hiyo mbele pamoja na onyo kwamba huenda ameitunga. Tarehe 7 Agosti 1998 lori lililipuka: zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi, na 11 Dar es Salaam siku hiyohiyo. Mtu wa kutiliwa shaka anaweza kuleta habari ya kweli. Ipime peke yake.

Kwa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda linaloshambulia mashariki mwa Kongo, swali la kwanza ni saa: uliwaona saa ngapi, si ulipiga simu saa ngapi. Tangu FARDC (jeshi la Kongo) na jeshi la Uganda waanze dhidi yao operesheni Shujaa, 30 Novemba 2021, kundi hilo limekuwa likijigawa na kuhama, hadi upande wa Mambasa na Lubero. Habari ya juzi inaeleza walikokuwa. Kisha uliza walielekea wapi, na walibeba nini. Wanawake, watoto na mizigo huonyesha kundi linalohama. Wanaume wenye silaha tu, jioni, karibu na kijiji, hiyo ipelekwe mara moja hata kama ni F6. "Walikuwa wengi" si jibu: alihesabu wangapi kabla ya kukimbia?

Sare haitoshi kuwatambua, maana ADF wamewahi kuvaa za FARDC. Uliza lugha waliyosema. Uliza pia kama mtoa habari ana ugomvi wa shamba na anayemtaja, kwa sababu mashtaka mengi ya "mshiriki wa ADF" huanzia hapo.

Jina la mtoa habari lisiingie kamwe kwenye ujumbe. Tumia namba ya siri, na daftari la majina likae kwa mtu mmoja tu, mbali na simu. Simu ikishikwa njiani, jina lililomo linaweza kumuua mwenyewe na familia yake.