Eti gesi ni safi: majibu yangu kwa wanaoshabikia terminali mpya za LNG

Kazi yangu ni kupima uvujaji wa methani, ambayo ndo sehemu kubwa ya gesi asilia, visimani, kwenye kompresa (mashine za kusukumia gesi), kwenye matangi, popote gesi asilia inapopita. Wateja ni wenye mitambo, mabenki yanayoombwa mkopo, na siku hizi hata halmashauri zilizoletewa mradi wa terminali ya kupokelea LNG, yaani gesi asilia iliyopozwa ikawa kimiminika ili isafirishwe kwa meli, na hazijui ziseme ndiyo au hapana. Na kila kikao, bila kukosa, kuna mtu atainua mkono aseme "lakini si gesi ni safi jamani?" Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika, atakayeuliza tena nitampa hii asome.

Msimamo wangu niuseme mapema msije mkanitafuta katikati ya mistari: napinga terminali mpya. Sina ugomvi na gesi, ndo inayonilisha, ila hesabu zinagoma, na ukija kwenye mambo ya haki ndo zinagoma kabisa.

"Gesi inatoa nusu tu ya hewa ukaa ya makaa ya mawe"

Hii ndo inanipandisha presha kuliko zote, kwa sababu ina ukweli ndani yake na uongo wenye ukweli ndani ndo mgumu kuua. Ni kweli ukichoma gesi kwenye mtambo wa umeme unatoa kama nusu ya kaboni dayoksaidi, ndo hiyo hewa ukaa, ambayo ungetoa kwa makaa kwa umeme uleule. Ni kweli pia haina masizi na salfa nyingi kama makaa, kwa hiyo anayeishi jirani na mtambo anapumua vizuri zaidi, hilo sibishani nalo hata kidogo. Tatizo ni kwamba watu wanapima pale moto unapowaka tu, kana kwamba gesi ilizaliwa hapohapo kwenye kichomeo, ilhali imetoka ardhini huko mbali ikapita kwenye vali, kompresa, mabomba, mtambo wa kuipoza iwe kimiminika, meli, halafu mtambo mwingine wa kuirudisha kuwa gesi, na kila kiungo hapo kinavuja kidogo au sana.

Na kinachovuja ni methani. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, kwenye ripoti yao ya 2021 wanasema methani ya visimani inapasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule ukihesabu miaka 20, na kama mara 30 ukihesabu miaka 100. Haikai sana hewani, kama miaka 12 hivi, ila ikiwepo inachoma kweli kweli, na ripoti hiyohiyo inaipa methani kama nusu digrii ya joto lililokwisha kuongezeka toka enzi za kabla ya viwanda.

Sasa chukueni kalamu, maana hii hesabu nawafanyisha wateja wangu wote na wengi hawajawahi kuifanya. Kilo 1 ya methani ukiichoma inatoa kilo 2.75 za kaboni dayoksaidi. Tuseme una kilo 100, kilo 97 zimefika zikachomwa na kilo 3 zimevuja njiani. Zile 97 zinatoa kama kilo 267. Zile 3 zilizovuja, kwa kipimo cha miaka 20 (mara 82.5), ni sawa na kilo 247 za kaboni dayoksaidi! Yaani asilimia 3 tu ya uvujaji na madhara yako yamekaribia kuwa mara mbili, ile nusu uliyokuwa unajivunia mbele ya makaa imeyeyuka. Najua migodi ya makaa nayo inatoa methani, sijaisahau, ila hakuna anayekuja kwenye kikao kuniambia makaa ni safi.

Mtu ataniambia asilimia 3 ni nyingi, haiwezekani. Inawezekana. Bonde la Permian kule Texas na New Mexico, linalolisha mitambo mingi ya LNG ya Ghuba ya Mexico, watafiti walilipima kwa setilaiti na matokeo yaliyotoka 2020 yalionyesha asilimia 3.7 ya gesi yote iliyochimbwa ilikuwa inapotelea hewani. Kuna sehemu zinafanya vizuri, Norwe kwa mfano uvujaji wao ni mdogo sana, na mkinunua ya bomba kutoka kule hesabu inabadilika, sawa. Lakini LNG ya ziada inayotangazwa kuja kwenye hizi terminali mpya haitoki Norwe yote.

Halafu kuna wale wa "mbona sisi hatusikii harufu yoyote?" Methani haina harufu. Ile harufu ya yai bovu mnayoijua ni dawa inayotiwa makusudi kwenye gesi ya mtandao wa majumbani ili mshtuke ikivuja, huko visimani na kwenye LNG haipo. Ukisimama chini ya mnara wa kuchomea gesi ya ziada ambao moto wake umezimika, kwa macho unaona anga la bluu tu, ndege wanapita, mlinzi anakwambia leo kumetulia. Washa kamera ya infraredi uitazame skrini, unakuta wingu jeusi linatoka mdomoni mwa mnara mfululizo kama bomba la maji lililopasuka, na limekuwa likitoka hivyo labda toka juzi na hakuna aliyejua. Kwenye makaratasi minara hii inahesabiwa kwamba inateketeza asilimia 98 ya methani. Wanasayansi waliruka na ndege juu ya visima vya Marekani wakapima, matokeo yakatoka 2022: ni kama asilimia 91, kwa sababu ya mioto isiyoungua vizuri na minara iliyozimika kabisa.

Bado hatujafika baharini. Ili gesi ipakiwe melini lazima ipozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ndo inasinyaa mara 600 hivi, na hiyo kazi ya kupoza peke yake inakula karibu sehemu ya kumi ya gesi yenyewe. Melini inachemka polepole njia nzima na meli nyingi zinaichoma kwenye injini zao, lakini injini hazichomi yote, nyingine inatokea kwenye ekzosi mbichi vilevile. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinakadiria asilimia 3.1 ya gesi inatoka hivyo kwa aina ya injini inayotumika sana, ICCT, taasisi ya utafiti wa usafiri safi, walipokwenda kupima kwenye meli zenyewe wakapata wastani wa asilimia 6.4. Robert Howarth wa Chuo Kikuu cha Cornell alijumlisha mnyororo mzima wa LNG ya Marekani inayouzwa nje, 2024 akatoa jibu kwamba kwa kipimo cha miaka 20 ni mbaya kuliko makaa kwa asilimia 33. Wapo wanaobishana na baadhi ya namba zake, ni haki yao, ila angalieni ubishi wenyewe umefika wapi: tunabishana kama LNG imezidi makaa kwa ubaya, imelingana nayo au ni nafuu kiasi, na bado kuna watu wanaiuza kama dawa ya tabianchi.

Ushauri wangu ninaoutoa bure kila siku na haufuatwi: mkiletewa mradi msikubali namba za kitabuni. Ulizeni gesi inatoka bonde gani, nani alipima, kwa chombo gani, lini, na kama alipima kwa ndege au setilaiti au alikaa ofisini akazidisha idadi ya vali mara wastani wa kitabu. Mwenye mradi akianza kuzungukazunguka hapo mmeshapata jibu lenu.

"Ni daraja tu la kuvukia kwenda nishati jadidifu"

Daraja gani lina mkataba wa miaka 27? Oktoba 2023 QatarEnergy, kampuni ya gesi ya serikali ya Qatar, ilisaini na Shell, TotalEnergies na Eni kupeleka gesi Uholanzi, Ufaransa na Italia kwa miaka 27 kuanzia 2026, piga hesabu mwenyewe unaangukia 2053, wakati Umoja wa Ulaya umejiwekea kufika sifuri halisi 2050, yaani kutotoa hewa ukaa zaidi ya inayoondolewa. Ujerumani terminali ya Wilhelmshaven ilifunguliwa Desemba 2022 kwa haraka ya ajabu, kwa kisingizio cha dharura ya gesi ya Urusi kukatika, lakini sheria waliyoitunga inaruhusu LNG ya visukuku, yaani ya gesi ya kuchimbwa, mpaka mwisho wa 2043. Na mikataba hii ya muda mrefu kwa kawaida ina kipengele cha chukua au lipa, yaani usipoichukua gesi unalipa vilevile, sasa nani atajenga upepo na jua kwa nguvu huku analipia gesi asiyoitumia. Shirika la Nishati la Kimataifa walisema toka 2021 kwamba kwenye njia ya kufika sifuri ifikapo 2050 hakuhitajiki maeneo mapya ya kuchimba mafuta na gesi zaidi ya yaliyokwisha idhinishwa.

"Itakuja kugeuzwa ya haidrojeni"

Haidrojeni ya kimiminika inataka nyuzi 253 chini ya sifuri, chuma cha nikeli cha matangi ya LNG hakikutengenezwa kwa baridi hiyo. Wakigeukia amonia, ni nzito kuliko LNG kwa kama nusu tena, kwa hiyo msingi wa tangi uwe ulipangwa hivyo toka mwanzo, na juu ya hapo ni sumu. Ombeni michoro ya tangi muone kama kuna chochote cha haidrojeni humo zaidi ya neno kwenye brosha.

"Mkizuia LNG mnataka maskini wapikie kuni"

Hapana, na huyu anayesema hivi mara nyingi anajua anachofanya. Gesi ya mtungi ni propani na butani, LPG, ina meli zake na matangi yake. Terminali ya LNG inapokea methani kwa ajili ya mitambo ya umeme, viwanda na mabomba ya majumba ya nchi zenye mtandao huo. Watu zaidi ya bilioni 2 duniani hawana nishati safi ya kupikia na wanastahili kuipata jana, ila msiwatumie kama ngao ya mradi ambao hautawafikishia hata mwale mmoja wa moto.

"Terminali inaleta usalama wa nishati"

Waulizeni Pakistan. Walijenga terminali mbili, wakategemea LNG, 2022 ilipofika bei zikapaa kwa sababu Ulaya ilikuwa inanunua kila meli iliyokuwa inaelea, wauzaji wenye mikataba na Pakistan wakaanza kukosa kuleta mizigo, na Julai mwaka huo serikali ikatangaza zabuni ya shehena 10 za LNG na hakuna hata kampuni moja iliyojitokeza. Umeme ukakatika masaa na masaa kwenye joto kali. Terminali zilikuwepo, nzima kabisa, gesi ndo haikuwepo, imepita kwa aliyetoa dau kubwa. Hapa ndo mimi naona suala la haki lilipo wazi kuliko popote: nchi tajiri ikijenga terminali ya ziada "kwa usalama" inajinunulia uwezo wa kumpokonya mwingine mezani siku ya shida, hakuna siasa ya kijanja ya kulifunika hilo. Kilichowaokoa Wapakistani ni wao wenyewe, watu wakapandisha paneli kwenye mapaa, 2024 peke yake ziliingia kama gigawati 17 za paneli za jua, mpaka serikali ikabaki na LNG ya ziada na kuwaomba Qatar waahirishe shehena. Na hata ukiwa na pesa, mlipuko mmoja kule Freeport, Texas, Juni 2022, ulizima mtambo uliokuwa unatoa kama sehemu ya tano ya LNG ya Marekani kwa miezi.

"Sisi tunanunua tu, yanayotokea huko hayatuhusu"

Terminali ndo inayomhakikishia mchimbaji soko, bila ya mnunuzi aliyesaini hakuna benki inayotoa mkopo wa kisima. Rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, familia za wavuvi na wakulima zilihamishwa kupisha mtambo wa LNG zikapelekwa kijiji kipya cha Quitunda, mvuvi amewekwa mbali na maji aliyozoea, na wengi wa watu wa ukanda huo wanaongea Kiswahili hikihiki. Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 na vina sababu nyingi, sisemi gesi ndo iliyovianzisha, lakini Machi 2021 Palma iliposhambuliwa na mamia kuuawa, mradi ulisimamishwa na wageni wakaondoka, waliohamishwa hawakuwa na pa kuondokea. Gesi ile ilikwisha kupata wanunuzi Ulaya na Asia kabla hata tofali la kwanza la mtambo.

Halafu swali la mwisho huwa ni "sasa baridi ikija tufanye nini?" Matumizi ya gesi Umoja wa Ulaya kati ya Agosti 2022 na Mei 2024 yalikuwa chini kwa asilimia 18 kuliko wastani wa miaka mitano ya nyuma, viwanda vingine vilifungwa na hilo liliumiza watu, nakubali, lakini sehemu nzuri ni pampu za joto, insulesheni, upepo na jua. Na mwaka 2024 terminali za LNG za huko zilitumika chini ya nusu ya uwezo wake. Kama kweli kuna dharura, meli ipelekeni kwenye hizo zenye nafasi, gati lipo, wafanyakazi wapo wamekaa.