Kuchoronga kwa hewa na povu: mwamba ndio unaoamua

Vijana wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaosomea mafuta na gesi huniuliza mara kwa mara: ikiwa tope la kuchorongea (kimiminika kizito kinachojazwa shimoni) linaharibu mwamba wenye gesi, kwa nini visima vyetu vya pwani visichorongwe kwa hewa? Mimi huanzia kwenye visima vya maji. Dodoma na Singida, penye graniti, mafundi hushusha hama (nyundo) inayoendeshwa na hewa ya kompresa na shimo linasimama lenyewe. Ukifanya hivyo kwenye mchanga wa Kigamboni, kuta zinaporomoka. Gesi iko chini zaidi, lakini swali la kwanza ni lilelile: mwamba utasimama bila kuegemezwa?

Tope ndilo linaloegemeza. Kila mita 10 za maji huongeza presha ya takriban bar 1, hivyo kwenye mita 2,000 maji matupu husukuma kwa karibu bar 200, na tope ni zito kuliko maji. Presha ya gesi ikiwa ndogo kuliko hiyo, gesi inabaki mwambani. Ubaya wake ni kwamba maji ya tope hupenya kwenye vitundu vya mwamba, na vitundu vikiwa vidogo sana gesi hushindwa kuyatoa. Mwamba ambao presha yake imeshushwa na uzalishaji wa miaka mingi humeza tope zaidi. Kisima cha gesi cha Songo Songo, Kilwa, kinazalisha tangu 2004, na kwa maoni yangu hoja ya kupunguza presha ya shimoni inapata nguvu huko kadiri miaka inavyokwenda.

Kuchoronga chini ya presha ya mwamba maana yake ni kuiachia gesi ipande kwa makusudi huku keekee (ncha ya kukatia mwamba) ikiendelea kukata. Juu ya vizuia mlipuko, yaani vali kubwa za mdomoni mwa kisima, hufungwa kichwa chenye raba inayoshika bomba na kuzunguka nalo. Gesi huelekezwa kwenye kitenganishi, kisha hupelekwa kuchomwa.

Hewa kavu ndiyo yenye kasi kuliko zote, kwa sababu hakuna uzito unaokandamiza chenga za mwamba chini ya keekee. Inahitaji mwendo wa takriban mita 15 kwa sekunde nje ya bomba ili chenga zipande. Huko New Mexico na milima ya Appalachia, Marekani, visima vya gesi vimechorongwa hivyo kwa miongo mingi.

Balaa huanza na maji, na maji kidogo ni mabaya kuliko mengi. Vumbi likilowa kidogo tu hugeuka tope zito, hunata kama pete kuzunguka bomba na kuziba njia. Kompresa inaendelea kusukuma, presha inapanda, joto nalo linapanda. Methani huwaka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya mchanganyiko na hewa, na chini ya presha kubwa kiwango cha juu hupanda zaidi. Moto wa shimoni unaweza kuyeyusha keekee na mabomba. Ndiyo maana kwenye tabaka la gesi nataka nitrojeni, gesi isiyochochea moto, hata kama bei yake inauma. Ile inayochujwa palepale kwenye mtambo huwa na oksijeni kidogo, kwa hiyo kutu bado ni ya kudhibitiwa.

Maji yakizidi, tunahamia kwenye povu: maji, sabuni na gesi, na gesi huwa kati ya asilimia 55 na 97 ya ujazo. Povu hubeba chenga kwa mwendo mdogo na kuyapandisha maji yanayoingia. Kwa jirani zetu Kenya, huko Olkaria, visima vya mvuke huchorongwa kwa maji yaliyotiwa hewa na povu pale mwamba unapokunywa maji. Juu, povu lisipovunjwa kwa dawa, linafurika matangi.

Ninalosisitiza kuliko yote ni mwisho wa kazi. Timu inaweza kulinda mwamba wiki nzima, kisha ikamwaga tope zito ili itoe mabomba kwa usalama. Shimo lililochorongwa hivyo halina utando wa tope ukutani, hivyo tope hilo huingia moja kwa moja na kuharibu kuliko lingeharibu tangu mwanzo.

Kwa pwani yetu, ningechoronga sehemu ya juu kwa tope, nikateremsha kesingi (bomba la kukinga kuta za shimo) na kuisimika kwa saruji, kisha nikahamia nitrojeni kwenye tabaka la gesi lenyewe, kukiwa na vali chini ya kesingi ya kufungia kisima wakati mabomba yanatoka. Bajeti isipotosha kununua vali hiyo, nachagua tope jepesi tangu mwanzo.