Ukihamia Ziwa Tanganyika, mazoea ya Victoria yaache mwaloni

Nilipohamishiwa Kigoma nikitokea Mwanza, nilijiona mtu wa ziwa tayari. Jioni ya kwanza niliomba mtumbwi, tukapiga makasia hadi chini ya genge moja, mbali kidogo tu na ukingo. Nikatosa nanga. Kamba ya mita 40 ikaenda yote, ikakaza, na nanga ikabaki inaning'inia majini. Mzee aliyeshika kasia nyuma hakucheka. Aliuliza tu, "Mwanangu, hiyo nanga unamfungia nani huko chini?"

Kwenye ghuba ya Mwanza kamba ile haikuwahi kuniangusha. Ziwa Victoria ni pana, lakini ni sahani: kina cha wastani ni kama mita 40, na penye kina kirefu kabisa hapazidi sana mita 80. Tanganyika ni korongo la bonde la ufa lililojaa maji. Urefu wake ni kama kilomita 670, kina cha wastani kama mita 570, na penye kina kirefu zaidi hufika takriban mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake.

Siku hizi wavuvi wengi wanahama ziwa, na swali wanalotuuliza maofisa uvuvi huwa lilelile: samaki wako wapi? Jibu la haraka halipo. Ila zipo njia za kulisoma ziwa usilolijua kabla hujaingiza mtaji wa nyavu, na nitaeleza zile nilizoona zikifanya kazi.

Anza na nchi kavu. Simama ufukweni utazame mteremko. Mlima unaoshuka wima hadi majini hauishii pale kwenye maji. Unaendelea kushuka vilevile, na hatua chache tu kutoka ukingoni huenda usipate chini. Penye tambarare, mchanga na mto unaoingia, kama maeneo ya mdomo wa Malagarasi, maji huwa ya kina kifupi kwa umbali mrefu, yana tope na majani, na samaki wake ni tofauti kabisa na wale wa kwenye miamba. Hapo pia ndipo penye mamba na viboko, kwa hiyo usifike kwa mara ya kwanza usiku.

Kisha tengeneza bildi, yaani kamba ya kupimia kina. Kifaa cha kuonyesha kina kwa betri ni kizuri, lakini kamba na jiwe vinatosha kukufundisha mengi. Chukua kamba isiyovutika, ifunge fundo kila baada ya mita 5 na kitambaa chekundu kila mita 20, mwishoni weka chubwi, yaani kizito cha kuizamisha, la kilo moja hivi. Chini ya chubwi pakaa kipande cha sabuni ya mche iliyolainishwa, au mafuta mazito ya kuganda. Shusha mpaka kamba ilegee, hesabu mafundo, vuta, halafu geuza chubwi utazame. Likirudi na punje za mchanga, chini ni mchanga. Likirudi na tope la kijivu linalonuka, chini ni matope. Likirudi safi, sabuni imechubuka, chini ni mwamba, na hapo usitege wavu wako mpya.

Nimemwona kijana wa Ukerewe akipoteza makila yake yote, yaani nyavu za kutega, usiku wa kwanza kwa kukosa kipimo hicho cha dakika 3. Alitega chini kama alivyozoea kutegea sangara, juu ya mawe makubwa kama nyumba. Asubuhi alipata kamba ya juu na maboya.

Kwenye mawe hayohayo yumo nyoka wa majini, jamii ya swila, anayekula samaki. Si mkorofi, lakini ana sumu kali na hunasa nyavuni. Ukivuta wavu alfajiri, mulika kwanza ndipo uguse.

Jambo la pili linalowashangaza wageni ni kwamba sehemu kubwa ya kina kile haina samaki. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki hadi chini. Tabaka la juu lina joto, ni jepesi, na linaelea juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Hewa ya oksijeni inayoingia kutoka juu kwa mawimbi haivuki tabaka hilo vizuri: upande wa kaskazini inafika takriban mita 100, kusini inaweza kufika karibu mita 200. Chini ya hapo ni maji mazito yasiyofaa kwa samaki, yenye gesi inayonuka kama yai viza. Kwa hiyo anayeuziwa nyavu ndefu kwa maneno kwamba "samaki wakubwa wako chini kabisa" ajue anadanganywa. Ziwa lenye uhai ni gamba jembamba la juu, na kila unachokitafuta kimo humo.

Pima pia uangavu. Funga sahani nyeupe kwenye bildi yako, ishushe saa 6 mchana upande wenye kivuli cha mtumbwi, na uhesabu mafundo hadi ipotee machoni. Kwenye ghuba nyingi za Victoria huwa imepotea kabla ya mita 2. Tanganyika, mbali na midomo ya mito, mara nyingi utaendelea kuiona hata ikipita mita 10. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba kama wewe unaiona sahani, samaki anauona wavu. Wavu uliokupa riziki mchana kwenye maji ya kijani, huku mchana utarudi mtupu. Shughuli ya ziwa hili ni ya usiku.

Na usiku wa Tanganyika ni wa dagaa. Hapa jina linapotosha. Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma wanafanana kwenye sufuria tu. Kwa nasaba, dagaa wa Mwanza yuko karibu zaidi na samaki aitwaye ningu kuliko na huyu wa Kigoma, ambaye ni wa jamii moja na dagaa wa baharini. Wako wa aina mbili, wote wenyeji wa ziwa hili. Mmoja wao alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, anakoitwa isambaza, na Kariba mwaka 1967 na 1968, anakoitwa kapenta. Huko Kariba hakui kufikia ukubwa wake wa nyumbani. Hata samaki akihamia ziwa geni hulazimika kuanza upya.

Mchana dagaa hukaa makumi ya mita chini, wakijificha wasionekane na wanaowala. Jua likizama, vijidudu ambavyo ni chakula chao hupanda juu, na dagaa hupanda nyuma yao. Mgebuka, ndugu mdogo wa sangara, hupanda nyuma ya dagaa. Taa ya mvuvi inaingilia safari hiyo. Zamani ilikuwa karabai. Sasa wengi wanatumia taa za sola. Kwenye vipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu hushushwa chini ya taa kama kapu, wanasubiri samaki wakusanyike, kisha unanyanyuliwa. Mvuvi hodari hatambuliwi kwa wingi wa taa. Anatambuliwa kwa subira: huzima za pembeni moja baada ya nyingine hadi kundi lisogee chini ya taa moja, na hapo tu ndipo anapotoa amri ya kuvuta. Mgeni huvuta mapema.

Mwezi ukiwa mkubwa, nuru ya taa inamezwa na dagaa hutawanyika. Ndiyo maana mwalo wote unalala siku hizo, nyavu zinashonwa na watu wanafanya harusi. Ukiingia peke yako kwenye mbalamwezi kwa kudhani umewapiku wenyeji, utakuwa unachoma betri bure.

Kama huna mtaji wa kipe, mshipi wa mkono pembeni ya taa hutoa mgebuka wazuri, na ni shule bora kuliko wavu, kwa sababu mkono wako unakwambia samaki ameuma kwenye kina gani. Funga uzi wa rangi kila mita 5 kwenye mshipi. Akiuma, angalia rangi, kumbuka saa. Baada ya wiki 2 utakuwa na ramani ambayo hakuna wa kukuuzia.

Sasa upepo. Kuanzia karibu Mei hadi Septemba kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma karibu kila siku na kusukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Kusini, maji baridi yenye rutuba hupanda kuziba nafasi, na rutuba hiyo ndiyo chakula cha vijidudu, kisha cha dagaa. Kusi likilegea, tabaka lililoinamishwa linaanza kuyumba, kaskazini na kusini, kama maji kwenye beseni alilobeba mtoto, ila beseni hili huchukua wiki 3 hadi 4 kurudi. Juu ya maji huoni kitu. Unachokiona ni kwamba mahali palipokupa makarai wiki iliyopita leo pamekauka, halafu unaanza kutafuta mchawi. Daftari ni dawa bora zaidi: tarehe, mwezi umeandama siku ngapi, upepo umetoka wapi, umevua wapi, kina gani, umepata nini. Andika hata usiku uliorudi mtupu. Hasa huo.

Kila upepo wa ziwa hili una jina kwa wenyeji, na majina hubadilika ukitoka mwalo mmoja kwenda mwingine. Wa Kibirizi hawasemi kama wa Kirando au Kasanga. Yaulize kabla hujauliza kuhusu samaki, maana msimu wa mvua dhoruba hushuka kutoka milimani ghafla, na anayejua jina la upepo anajua unatoka upande gani na wapi pa kujificha. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na jaketi okozi ivaliwe, isikaliwe.

Ya sheria nitayataja kwa kifupi kwa kuwa afisa uvuvi wa eneo lako ana maelezo kamili: leseni yako na ya chombo, kujitambulisha kwa BMU ya mwalo (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi), kokoro (wavu wa kukokota) marufuku. Tazama mipaka. Ziwa ni la nchi 4, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na katikati ya maji hakuna ukuta. Ukanda wa maji wa kilomita 1.6 mbele ya Hifadhi ya Mahale ni sehemu ya hifadhi, hakuvuliwi. Na ukiwaona samaki wawili aina ya kuhe kwenye mchanga wa maji mafupi hawakimbii mtumbwi, waache. Wanalinda vifaranga, baba na mama pamoja, na ndoano itawapata kirahisi mno. Ukiwatoa wote wawili, kundi lote la watoto linaliwa ndani ya muda mfupi.

Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi hizo, Tanzania ilipumzisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kwa hiyo kabla hujapakia nyavu kwenye lori, uliza tangazo la mwaka husika linasema nini. Ukikuta vipe vimevutwa mchangani, usigeuze safari. Kwa mgeni hiyo ni miezi mizuri: wazee wapo wamekaa chini ya miembe wanashona nyavu, hawana haraka, na ukimsaidia mmoja kushika upande wa pili wa wavu ataanza mwenyewe kukwambia wapi alipoteza nanga yake ya kwanza.