Tathmini ya hatari ya moto si kadi ya mtungi

Tathmini ya hatari ya moto ni uchunguzi wa jengo pamoja na watu wanaoishi ndani yake, unaolenga kujua moto unaweza kuanzia wapi, utasambaa kwa njia gani, nani atashindwa kutoka, na hatua gani zichukuliwe na nani. Naiandika kwa sababu katika jengo tunalopanga msimamizi amebandika tena tangazo kwamba "tathmini ya moto imekamilika", ilhali kilichofanyika ni fundi kuja kupima presha ya mitungi ya kuzimia moto na kuning'iniza kadi mpya zenye tarehe.

Kazi hiyo ina jina lake, nalo ni ukaguzi. Kukagua ni kutazama kama kitu kipo na kama kiko katika hali inayotakiwa, na jibu lake huwa ndiyo au hapana. Tathmini imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa thamani, na asili yake ni kukadiria bei ya kitu. Ndiyo maana mthamini wa viwanja na anayetathmini moto wamechota kisima kimoja. Mthamini hatosheki kuambiwa kwamba nyumba ipo, bali huuliza ina thamani gani. Cheti nacho, ambacho watu hukichanganya humohumo, kilitufikia kutoka Kihindi kikiwa na maana ya barua au kikaratasi, na sidhani kama kimewahi kuiacha asili yake.

Chini ya ngazi zetu, ambazo ndizo njia pekee ya kutokea kwa ghorofa zote nne, huegeshwa pikipiki mbili, na geti la nondo hufungwa kwa kufuli saa tano usiku, ufunguo ukibaki kwa mlinzi. Hatua tatu kutoka hapo umening'inia mtungi mwekundu wenye kadi halali. Ukaguzi utaupitisha mtungi huo bila neno. Tathmini ingeanza na zile pikipiki, ikamfikiria bibi wa ghorofa ya tatu anayetembelea mkongojo, kisha ikauliza mlinzi akisinzia kufuli litafunguliwa na nani. Bibi huyo akihama na vyumba vyake vikachukuliwa na vijana wanne wenye majiko ya gesi, mtungi wa kuzimia moto haujabadilika, lakini tathmini imeshachakaa.

England waliijua tofauti hii kisheria. Kanuni za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Oktoba 2006, zilifuta vyeti vya moto vilivyokuwa vikitolewa kwa hoteli, ofisi na viwanda, zikamtwika mwenye dhamana ya jengo wajibu wa kutathmini na kuirejea tathmini hali inapobadilika. Kwa majengo ya kupanga, wajibu huo ukagusa sehemu za pamoja kama korido na ngazi. Moto wa Grenfell Tower, London, uliozuka Juni 2017 kwenye friji ya nyumba moja, ulipanda kwa ukuta wa nje na kuua watu 72, na sheria ya 2021 ikatamka wazi kwamba kuta za nje na milango ya kuingilia kila nyumba lazima vitathminiwe.

Namwomba basi msimamizi wetu, kwa heshima, abadili neno moja katika tangazo lake, aandike kwamba mitungi imekaguliwa. Hilo ni kweli, na tunamshukuru. Neno tathmini alihifadhi hadi siku atakayopanda ngazi mpaka juu akiwa na daftari mkononi, ikiwezekana usiku, geti likiwa limeshafungwa.