“LED Haili Umeme, Fyuzi ya Nini?”

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa kijana mwenye IST aliyefunga mwenyewe mkanda wa LED, ule utepe wa vitaa vidogo, chini ya dashibodi, moto (umeme) kauchukua betrini moja kwa moja. “Fundi, LED haili umeme, fyuzi ya nini?”

Fyuzi hailindi LED. Inalinda waya. Ni kweli, mita mbili za mkanda wa 5050 (aina ya LED) wenye LED 60 kwa mita zinakula kama ampea 2.4 tu zikiwaka zote. Lakini siku waya ukichubuka na kugusa bodi, ambayo ndiyo hasi ya gari, hesabu ya LED imekwisha: betri inamwaga mamia ya ampea kwenye hiyo shoti. Na waya utachubuka. Umeupitisha chini ya kapeti, kando ya reli ya siti, na kila siti ikisogezwa reli inaung’ata kidogo. Waya mwembamba kama wa spika hauchukui muda kuwa mwekundu, tena uko katikati ya kapeti na sponji. Hapo ndipo watu husema gari limeungua “lenyewe”.

Wapo wanaoweka fyuzi, ila ya ampea 20, “isiwe inakatakata.” Basi waya ndio umekuwa fyuzi! Kwa mkanda huo weka ya ampea 3, ile ya zambarau, na ikae pale unapochukulia moto. Ukiiweka kule kwenye taa, waya wote wa nyuma yake hauna mlinzi.

Eti gari ni volti 12. Injini ikiwa inanguruma, alternata inapandisha hadi 14.4 hivi. Mkanda wa dukani una rezista zake, vile vipande vya kubana umeme, na unavumilia. Anayeunga LED moja moja apige hesabu kwa 14.4: LED nyeupe ya volti 3.2 na miliampea 20 inataka omu 560, si rezista yoyote iliyong’olewa kwenye redio mbovu.

Eti ukisahau kuzima usiku hakuna neno. Ampea 2.4 kwa saa 10 ni ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 40. Chukua moto wa aksesari, ule unaowashwa na ufunguo, ili ufunguo ukitoka taa zizimike zenyewe. Betri ikiisha, gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata uite mtaa mzima.