Snokeli au skuba? Yanayosemwa ufukweni na yaliyopo majini

Ukiwa likizoni karibu na bahari, washauri hawakosekani. Mmoja atakwambia snokeli, yaani kuelea kifudifudi ukipumua kwa mrija, ni mchezo wa watoto, mwingine atakuapia kwamba skuba, yaani kuzama na mtungi wa hewa mgongoni, ni kazi ya makomando. Mimi nimejaribu zote mbili, na zote nilizianza kichwa kikiwa kimejaa mambo ya kusikia tu, kwa hiyo simcheki mtu.

"Snokeli haina hatari, ni kuelea tu"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Kwenye skuba, anayeanza haingii majini bila mkufunzi wa kumwangalia. Kwenye snokeli unapewa miwani, mrija na mapezi ya kuvaa miguuni, kisha kila mtu anashika zake. Kule Hawaii, miongoni mwa watalii wanaokufa maji baharini, snokeli ndiyo shughuli inayoongoza. Na anayezama kwa snokeli hapigi kelele wala hapungi mkono. Uso wake tayari umelala majini, mrija umesimama, na ukimtazama kutoka ufukweni utadhani anafurahia samaki.

Halafu kuna mkondo. Unafuata kundi la samaki, dakika 20 zinapita, unainua kichwa na kukuta mwavuli uliouacha mchangani umekuwa kidoti. Kwa hiyo ukianza, elekea kule mkondo unakotoka, ili wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka, maji yenyewe yakusukume. Vaa jaketi la kuelea hata kama unajua kuogelea. Usiende peke yako, na huyo mwenzako awe anakutazama kweli, si kila mtu na samaki wake.

Wapo pia wanaohema haraka haraka kabla ya kuzama na pumzi moja, wakiamini wanajaza oksijeni kifuani. Kumbe kinachomlazimisha mtu avute pumzi ni kulimbikizana kwa hewa ukaa mwilini. Ukihema namna ile unaipunguza hewa ukaa, yaani unazima kengele ya hatari. Oksijeni inakwisha, kengele hailii, na unazimia bila hata kuhisi kiu ya hewa.

"Mrija ukiwa mrefu, nitafika chini bila mtungi"

Haiwezekani. Ukishuka mita moja tu, maji yanakikandamiza kifua kiasi kwamba kuvuta hewa ya juu kunakuwa kazi nzito, na pumzi uliyoitoa inabaki ndani ya mrija ili uivute tena. Ndiyo maana mrija wa snokeli hauzidi sana urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni.

"Skuba ni kwa wenye vyeti tu"

Yapo majaribio ya siku moja kwa wasio na cheti. Katika utaratibu wa PADI, shirika kubwa la mafunzo ya mbizi, anayejaribu huwa na miaka 10 au zaidi, hushuka na mkufunzi wake, na hazidi mita 12. Cheti cha kwanza ndicho kinachofungua mita 18. Hicho kinataka siku tatu au nne na uwezo wa kuogelea: mita 200 mfululizo, au 300 ukiwa na miwani, mrija na mapezi, kisha kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Kama likizo yako yote ni siku tano, piga hesabu mwenyewe.

Kabla ya yote utapewa fomu ya afya: pumu, moyo, mapafu, masikio, ujauzito. Watu hujibu "hapana" kila mstari ili wasikose boti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sijaona mahali msemo huo unapokaa vizuri kuliko kwenye fomu hiyo.

"Mtungini mna oksijeni"

Mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, naitrojeni nyingi na oksijeni kama asilimia 21. Oksijeni tupu, ukiivuta chini zaidi ya mita 6 hivi, inaweza kukuletea degedege humo humo majini.

"Cha kuogopa ni kina kirefu"

Mita 10 za kwanza ndizo zenye vituko. Juu ya maji unabeba mgandamizo wa angahewa moja. Ukifika mita 10 zimekuwa mbili. Hakuna mita 10 nyingine huko chini zitakazouongeza mara mbili hivyo. Puto lenye lita 6 za hewa ukiwa mita 10 litakuwa na lita 12 likifika juu, kama halijapasuka njiani. Mapafu yako ni puto hilo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya skuba ni kupumua muda wote, usibane pumzi kamwe, hasa unapopanda.

Masikio nayo huanza kulalamika mapema, pengine mita mbili tu. Unabana pua na kupuliza taratibu mpaka usikie mlio mdogo, kabla maumivu hayajaanza. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na mafua na nikajifanya mzima. Mita tatu, sikio la kushoto likawa kama linachomwa msumari. Nilimwonyesha mkufunzi sikio, tukapanda, na mbizi yangu ikaishia hapo. Mwenye mafua abaki juu na snokeli.

"Chini zaidi ndiko kuzuri zaidi"

Maji hunyonya rangi, na nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Kufikia mita 5 hivi imeshafifia sana, na ukiendelea kushuka kila kitu kinakuwa bluu au kijivu. Tena matumbawe mengi yanayojenga miamba hulishwa na mwani mdogo unaoishi ndani yake, na mwani huo unataka jua. Kwa hiyo bustani zenye rangi kali mara nyingi ziko pale pale ambapo mwenye snokeli anaelea.

Tofauti ni namna unavyotazama. Kwa snokeli unaona migongo ya samaki. Kwa skuba unatulia mbele ya tundu la mwamba, unangoja, na pweza uliyedhani ni jiwe anafumbua jicho, ngozi yake inageuka kutoka kahawia kuwa nyeupe, anajivuta ndani mkono mmoja mmoja. Hilo sijawahi kuliona nikiwa juu.

"Skuba niiweke siku ya mwisho, iwe kilele"

Hapana, hasa kama unarudi kwa ndege. Naitrojeni iliyoingia mwilini inahitaji muda kutoka, na kabini ya ndege ina mgandamizo mdogo kuliko nchi kavu, kwa hiyo ukipanda mapema inaweza kugeuka mapovu mwilini. Ushauri uliozoeleka ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 ukiwa umezama zaidi ya mara moja. Mimi hupanga snokeli siku ya kwanza ili niizoee miwani na kupumua kwa mdomo, skuba katikati, kisha snokeli tena asubuhi ya kuondoka, nikiwa na fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Mgongo na nyuma ya magoti huungua bila habari, na kiti cha ndege hakina huruma.